Sabufa inavuma na sauti ya kompyuta inakwaruza: nianzie wapi?

Mwanzisha mada
Wakuu, naomba msaada. Ni kompyuta ya mezani, Windows 10, kadi ya sauti ni Realtek ya kwenye mazabodi. Sabufa ya 2.1 imeungwa kwa waya wa 3.5 mm kwenye tundu la kijani, nyuma. Kuna "tak-tak" zinazokuja hovyo, hasa nikidaunilodi kwa Wi-Fi. Nikicheza muziki kwa VLC na kuongeza sauti, inapasuka. Halafu sabufa inavuma mfululizo hata kama hakuna kinachopigwa. Nianzie wapi kabla ya kwenda kwa fundi?

fundi_waya
Mkuu, usiguse draiva (programu inayoendesha kifaa) kwanza. Chomoa waya wa sabufa kwenye kompyuta, uchomeke kwenye simu, piga wimbo uleule. Ukisikika safi, sabufa na waya ni vizima. Ukipasuka vilevile, zima sabufa, kisha usukume koni ya spika taratibu kwa vidole vinne kuizunguka, isiende upande. Ikikwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inagusa sumaku na dawa yake ni spika nyingine.

Jaribio la pili: hedifoni kwenye tundu la kijani la nyuma. Usitumie la mbele, kwa sababu waya wake hupita ndani ya kasha karibu na kadi ya picha na huokota kelele ambazo tundu la nyuma halina.

Desibeli
Kupasuka na tak-tak ni magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja. Kupasuka sauti inapokuwa kubwa mara nyingi ni mawimbi kukatwa vichwa. VLC inaruhusu hadi 125%, lakini nyimbo nyingi za siku hizi zimeshajazwa hadi dari wakati wa kurekodiwa, kwa hiyo ukivuka 100% kilele hakina pa kwenda. Ekwalaiza nayo ni hivyohivyo: ukipandisha besi desibeli 6 umeongeza ukubwa wa wimbi karibu mara mbili. Ukiitaka besi hiyo, shusha "Preamp" (kidhibiti cha sauti nzima kwenye ekwalaiza) kwa desibeli 6 hizohizo, kisha ongeza sauti kwenye kitufe cha sabufa.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl. Bofya mara mbili spika yako. Kwenye "Enhancements" weka tiki kuzima zote. Kwenye "Advanced" chagua biti 16, 48000 Hz.

Mwanzisha mada
Majibu: kwa simu sabufa ni safi. VLC nimeirudisha 100%, kupasuka kumeisha. Tak-tak ipo hata kwenye hedifoni. Mvumo unakoma nikichomoa waya wa sauti kwenye kompyuta. Kompyuta iko kwenye ekstensheni ya pini mbili, isiyo na tundu la tatu la ethi. Nikigusa kasha naona kama linawasha vidole.

Desibeli
Basi tak-tak inatoka ndani ya kompyuta. Windows kwa kawaida huandaa sauti kwa vipande vya milisekunde 10. Draiva yoyote ikiing'ang'ania prosesa kupita muda huo, kipande kinachofuata kinachelewa, na pengo hilo ndilo unalolisikia.

Zima Wi-Fi dakika tano ukicheza faili lililo kwenye diski. Zikikoma, mtuhumiwa umempata. Kwa uhakika zaidi weka LatencyMon, programu inayoonyesha draiva ipi inachelewesha, iache dakika 10 ukidaunilodi, kisha fungua orodha ya draiva na uipange kwa muda mrefu zaidi. Ikiongoza ndis.sys, ni mtandao: chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa adapta. Adapta ya USB ihamishie tundu la nyuma. Ikiongoza nvlddmkm.sys, ni kadi ya picha ya NVIDIA. Vyovyote vile, weka mpangilio wa umeme kwenye "High performance", maana prosesa kulala na kuamka kila mara pia huchelewesha.

Realtek yenyewe iguse mwisho. Kwenye "Device Manager" unaweza kuibadilisha na draiva ya Microsoft iitwayo "High Definition Audio Device", na ukitaka unarudi ulikotoka.

fundi_waya
Huo muwasho ndio mvumo wako. Pawasapulai ya kompyuta ina kapasita ndogo (vipande vinavyohifadhi chaji) zinazopeleka kelele za umeme kwenye ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini. Ethi isipokuwepo, kasha linabaki na karibu nusu ya umeme wa ukutani, kama volti 115, kwa mkondo mdogo sana. Njia iliyobaki ni waya wa sauti, na sabufa inaukuza kama mvumo wa 50 Hz.

Chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani ya pini tatu, au nunua ekstensheni yenye ethi ya kweli. Baadhi zina tundu la tatu ambalo ndani halina waya, kwa hiyo pima kwa mita ukiwa umeichomoa ukutani: kati ya pini kubwa ya plagi na tundu la juu lazima isome karibu ohmu 0. Kasha likiendelea kuwasha hata kwenye soketi ya ukutani, ethi ya nyumba haipo au imekatika. Hapo mwite fundi umeme. Usiunge waya kwenye bomba la maji.

Endapo sabufa ingevuma hata waya wa sauti ukiwa nje, ningeangalia kapasita kubwa za ndani. Zilizovimba hubadilishwa kwa uwezo uleule, volti zilezile au zaidi, na ziwe za nyuzi joto 105.