Wanafunzi wa sanaa tumetelekezwa: ofisi ya ushauri wa kazi chuoni ipo kwa ajili ya nani?

Wakuu, nimekasirika na sitapunguza maneno.

Nimesoma BA Historia chuo cha umma hapa Tanzania, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Ushauri wa kazi niliopewa kwa miaka yote mitatu ni semina moja ya semista ya mwisho. Mtoa mada akatuhimiza tubadili fikra, tujiajiri, tufuge kuku. Kijana mmoja akauliza mtu wa Historia aombe nafasi zipi serikalini. Akajibiwa asichague kazi. Makofi, soda, tukatawanyika.

Lile swali lina majibu! Fungueni Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, someni tangazo la Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II. Fani zinatajwa kwa majina: Sosholojia, Maendeleo ya Jamii, Mipango na Usimamizi wa Miradi na nyinginezo. Kama yako haimo, GPA kubwa haikusaidii. Anayetaka kufundisha sekondari na digrii yake haina ualimu, anatakiwa aongeze stashahada ya uzamili ya elimu, yaani mwaka mwingine na ada nyingine. Haya tulipaswa kuambiwa wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, wakati mtu bado anaweza kuhama kozi. Mwenye mjomba wizarani anaelekezwa kwa simu. Mtoto wa mkulima kutoka Namtumbo, wa kwanza kwao kukanyaga chuo, atayajulia wapi?

Field, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, ndiyo inaniuma zaidi. Unapewa barua ya utambulisho, basi, katafute mwenyewe. Nilizunguka nayo maofisini mpaka ikachanika kwenye mikunjo, nikaangukia masjala ya halmashauri moja, kazi yangu kupanga mafaili na kutoa fotokopi. Msimamizi wa chuo alikuja, akasaini logibuku amesimama mlangoni, akaulizia gari la kurudi mjini. Hakuuliza nimejifunza nini. Na pale pale masjala palikuwa na njia: fani ya kumbukumbu na nyaraka ni jirani kabisa na Historia, na ina kozi zake za kuongezea. Nimekuja kulijua hilo nikiwa mtaani.

Mshauri wa kitaaluma niliyepangiwa hakuwahi kulijua hata jina langu. Wapo wahadhiri wanaojitoa, nawaheshimu sana, lakini wanafanya kwa huruma yao, si kwa utaratibu.

Bodi inajua nilipo. Miezi 24 baada ya kumaliza natakiwa kuanza kurejesha, na nikiajiriwa nakatwa asilimia 15 ya mshahara. Chuo kilichopokea ile ada hakijawahi hata kuniuliza kama nimepata kazi. Sasa kitawashauri nini wanaoingia, kama hakijui waliotoka wanafanya nini?

Mliosoma sanaa mkapata kazi, wekeni hapa: ulisoma nini, uliongeza kozi gani, field ulifanyia wapi, nani alikushika mkono. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanapita humu.