KWANI LAZIMA WAIFAI??? Wakuu leo nimedhalilishwa ndani ya duka langu mwenyewe

Msuli wa Ngarenaro

Wakuu salamu baadaye, naandika huku mkono unatetemeka. Yule jamaa wa stika. Mnamjua. Simtaji maana sitaki kesi, ila kama uko Arusha au Moshi na umewahi kutamka neno kompyuta kwa sauti basi ameshakutokea, begi limejaa stika mpaka kwenye zipu, pengwini mbele pengwini nyuma, anaongea taratibuuu kama anaungamisha watu. Huyo huyo.

Sasa huyo mtu leo saa nne asubuhi, mbele ya wateja kumi na mbili (niliwahesabu, nilikuwa nahesabu nisije nikampiga), ndani ya steshenari yangu, kwenye kiti changu, anakunywa soda yangu, kaniangalia machoni kaniambia: "Kwani lazima waifai?"

Nirudie kwa waliochelewa. Mimi nina STESHENARI. Msimu huu wa maombi ya mkopo wa chuo. Madogo wamepanga foleni na vyeti vya kuzaliwa vya kuhakiki RITA, kuna mama katoka Monduli na gari la alfajiri kwa ajili ya mwanae, mtu ananiuliza kwani lazima waifai. Si umuulize na muuza chipsi kwani lazima mafuta!

Ilikuwaje. Laptopu ya dukani ilikuwa na Windows ya kupigiwa stendi, ina virusi mpaka ukichomeka flashi ya mteja inarudi na mafaili ambayo hakuja nayo. Jamaa akapita wiki iliyopita akasema mkuu achana na hiyo takataka nakupigia Linux, mfumo wa kompyuta badala ya hiyo Windows, huria kabisa, hakuna mtu anayekuchungulia. Nikasema poa, bei? Elfu thelathini. Si umesema huria? Akanijibu programu ni huria ila mikono yangu siyo huria. Nikacheka kama zuzu nikatoa wekundu watatu. Na supu juu yangu. Na chapati mbili, ya tatu akafungiwa.

Jana usiku kapiga, kazima, kapanda zake gari kwenda Moshi. Asubuhi nafungua inawaka chap, inapendeza, nikaanza kuringa kabisa nikamgeuzia jirani kioo aone. Natafuta alama ya waifai. Haipo. Siyo kwamba haishiki, HAIPO, kama kuna mtu kaing'oa na koleo. Nampigia, akaja na koasta za mwanzo mwanzo, hapo nampa heshima yake. Kafungua lile dirisha jeusi, kaandika andika, halafu kacheka. Kacheka wakuu!! Eti "aaah, kumbe kadi yako inataka blobu."

Blobu ndo mdudu gani? Eti kadi ya waifai ina kikompyuta chake ndani, kila ikiwashwa inasubiri ilishwe faili fulani ndo iamke, na hilo faili wenye kiwanda walilitoa likiwa bainari tupu, sifuri na moja, huwezi kuona limeandikwaje. Na mfumo alionipigia yeye ni ule wa kilokole, haukubali hata tone la kitu kilichofungwa, hadi kerneli yenyewe, ule moyo wa mfumo, imechujwa mafaili hayo yakatupwa yote. Na alijua!! Nikamwambia basi liweke hilo faili, watu wanasubiri. Akaniangalia kama nimemwambia tuchinje paka. "Mimi siweki kitu nisichoweza kukisoma." Mzee, hiyo soda umeisoma? Hivyo visikilizio vya bluetooth masikioni mwako umevisoma?

Nikamuuliza, kwa upole kabisa, sasa hawa watu nawafanyaje. Ndipo. NDIPO. Akavuta soda, akafuta mdomo, kwani lazima waifai.

Yule mama akasema "baba, ngoja mie nikaangalie hapo ng'ambo" na wote kumi na mbili wakavuka barabara kama vifaranga, kwa jirani ambaye Windows yake ina tangazo la kamari katikati ya kioo lakini WAIFAI IPO.

Nishaurini au mnisaidie kutukana. Leo silali.

Mangi Mkavu
Gazeti lote hili kumbe umepigwa thelathini na supu. Siti ya mbele kabisa, nimeshika karanga.

chalii_wa_kijenge
Arifu nimeishia kwenye supu. Ilikuwa ya wapi hiyo?

Kokoto
Wateja kumi na mbili, saa nne, Ngarenaro? Toa wanne waliokuja kuomba chenji, toa watatu waliojikinga jua.

Msuli wa Ngarenaro
Kokoto usinitafute leo. Walikuwa kumi na mbili.

Fundi Mbauda
Mkuu pole, ila ukweli jamaa kasema nusu ya jambo. Zipo kadi ambazo hazisubiri kulishwa kitu, zile za kampuni ya Atheros za zamani zinazotumia drayva (programu ya kuendesha kadi) ya ath9k, unachomeka zinawaka hata kwenye hiyo mifumo ya kilokole. Na vile vidude vya waifai vya USB vinavyotumia ath9k_htc, hivyo vinalishwa faili lakini kodi yake, maandishi ya programu yenyewe, ilifunguliwa mwaka 2013, unaisoma mstari kwa mstari. Angekuja na kimoja mfukoni asingekutia aibu. Halafu siyo Linux zote zina msimamo huo. Debian, moja ya hizo Linux, walivutana miaka na miaka, kila toleo ugomvi ni huo huo, mpaka 2022 wakapiga kura kwamba mafaili ya namna hiyo yaingie kwenye kisakinishi rasmi, ndo maana Debian 12 ya 2023 inakuja nayo na ukitaka kuyakataa ni wewe. Tatizo lako ni kwamba jamaa kakuchagulia imani bila kukuuliza.

Mama Machapisho
Kodi gani tena unaisoma mstari kwa mstari? Mimi nikisikia kodi nafunga duka.

Msuli wa Ngarenaro
Kwa hiyo watu wazima walikaa WAKAPIGA KURA juu ya hii kitu na mimi naambiwa kwani lazima waifai? Yaani hata sikupewa karatasi ya kura?

Mzee wa Pasua
Naomba Moshi isihusishwe. Huyo analala tu Moshi, akili zake anazipatia huko kwenu. Sisi huku mtu akikufanyia kazi mbovu anarudisha hela.

chalii_wa_kijenge
Moshi? Warudishe hela? 😂😂😂 Mzee kunywa maji.

Mzee wa Pasua
Ndo maana nyie kila kitu mnaita arifu arifu halafu mnapigwa Linux bila waifai. Huku mji msafi watu wana adabu.

Kokoto
Mji msafi kwa sababu hamtupi kitu, mnaweka vyote "vitafaa".

Tundu la Sindano
Mimi kinachonichekesha ni kitu kimoja. Waingereza neno lao la "huru" ndo hilo hilo la "bure", free, ndo maana Richard Stallman toka atangaze mradi wake wa programu huria, GNU, 1983 anahangaika kueleza kwamba hazungumzii bei. Sisi tuna huria na tuna bure, maneno mawili hayafanani hata herufi ya kwanza, hakuna pa kuchanganyikiwa, bado mtu anatoa wekundu watatu na chapati ya kufungiwa. Na kelele zote za huyo mzee zilianzia kwenye printa. Pale chuo cha MIT waliletewa printa ya Xerox, karatasi zikawa zinakwama, akataka kodi ya programu yake aongeze kitu cha kuwajulisha watu kwamba imekwama. Akamfuata jamaa mmoja wa chuo kingine aliyekuwa nayo, akanyimwa, eti ameshaahidi hatampa mtu. Mpaka leo hajasamehe. Kwa hiyo Msuli hasira zako zina ukoo mrefu.

Mama Machapisho
NANI KASEMA PRINTA?

Mimi nina ile printa ya rangi, kampuni mnaijua, kila steshenari inayo. Najaza wino mwenyewe kwa bomba la sindano toka enzi hizo, mwezi uliopita kuna siku ikawa na mtandao, asubuhi inaniambia katriji siyo halali. Siyo halali!! Wino wangu, karatasi yangu, luku yangu, printa niliinunua taslimu, halafu inanifanyia uhakiki kama vile mimi ndo nimeomba mkopo. Katriji mpya bei yake unakaribia kupata printa nyingine. Nyie mnalia waifai mimi nalia mashine inayonihukumu.

Fundi Mbauda
Hiyo ni jamii ya blobu hiyo hiyo mama. Programu ya ndani ya printa imejiongeza usiku kupitia mtandao, na kwa sababu imefungwa hakuna anayeweza kuiambia irudi ilivyokuwa isipokuwa wao. Uliiacha kwenye mtandao?

Mama Machapisho
Niliiacha. Dogo wa dukani ndo aliunga. Kwani lazima waifai, kumbe jamaa alikuwa nabii.

Msuli wa Ngarenaro
Mama Machapisho sijapenda.

Pengwini wa Sakina
Mnamcheka lakini kuna la msingi hapa. Faili lililofungwa likiwa na tundu la usalama hakuna wa kuliziba isipokuwa mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda ameshahamia modeli mpya, ya kwako kaisahau. Kerneli ya Linux toka Torvalds aitoe 1991 imesimama kwa sababu watu wanaisoma. Na Torvalds mwenyewe siyo mlokole kabisa, ila mwaka 2012 pale Finland aliinua kidole cha kati mbele ya kamera kwa ajili ya Nvidia, wale watengeneza kadi za picha, sababu ni ugumu wa kufanya nao kazi. 2022 wakaja kufungua moduli zao za kerneli watu wakashangilia, ukichungulia mzigo mkubwa umehamia kwenye faili la bainari linaloishi ndani ya kadi. OpenBSD, mfumo mwingine huria usio Linux, wao drayva za bainari hawataki hata kuzisikia. Kwa hiyo mtu akikuambia hatauweka mkono wake hapo, ana sababu. Na mteja naye anunue mashine akiwa ameuliza kwanza kadi ni ya nani.

Fundi Mbauda
Hata OpenBSD faili la kulishwa kadi wanakupakulia, wanachokataa ni drayva iliyofungwa inayokaa ndani ya kerneli. Usiwapake walokole wako rangi ya watu wengine.

Mangi Mkavu
Akaunti ya Pengwini imefunguliwa leo saa saba mchana. Mnaona ninachokiona?

Msuli wa Ngarenaro
Pengwini wa Sakina. Swali moja. Begi lako lina stika ngapi?

Pengwini wa Sakina
Tusifanye mambo kuwa ya mtu binafsi.

chalii_wa_kijenge
NI YEYE 😂😂😂😂 muulizeni supu ilikuwa ya wapi

Binti Njiro
Nyie wanaume mnaongea toka asubuhi hakuna aliyemsaidia mwenzenu. Kaka Msuli una simu ya Android? Chukua waya wa kuchajia, chomeka kwenye laptopu, kwenye simu nenda mipangilio washa kugawa intaneti kwa USB. Hata hiyo Linux yako iliyochujwa inaikubali, drayva yake imo ndani na haihitaji kulishwa chochote. Unatumia bando lakini kazi inakwenda.

Msuli wa Ngarenaro
Dada usinitanie ngoja nijaribu.

Msuli wa Ngarenaro
...

Imekubali.

Kokoto
Kwa hiyo kumbe

Mangi Mkavu
HAIKUWA LAZIMA WAIFAI

Tundu la Sindano
Jamaa alikujibu kitaalamu ukamletea hasira. Mrudishie heshima yake na chapati ya nne.

Msuli wa Ngarenaro
ANGESEMA HIVYO BASI!!! Angesema "kwani lazima waifai mkuu, lete waya"! Neno moja tu, WAYA! Alinyamaza akamalizia soda! Wateja kumi na mbili!

Kokoto
Watano.

Fundi Mbauda
Na Binti Njiro naye kaona mbali, maana hiyo Android iliyokuokoa ni kerneli ya Linux hiyo hiyo, halafu ndani imejaa bainari za kufungwa za modemu, waifai, kamera, kila kona. Yaani mlokole wako sasa hivi anabebwa mgongoni na mlevi.

Mzee wa Pasua
Mlevi wa wapi? Msianze tena.

Mama Machapisho
Mmesahau printa yangu. Fundi, nikiitoa kwenye mtandao kabisa na kuirudisha ilivyotoka kiwandani itakubali wino wangu?

Fundi Mbauda
Kuirudisha hakufuti programu mpya mama, kunafuta mipangilio tu. Ukiinunua nyingine usiiunge mtandaoni hata siku moja, au chukua zile za matangi ya wino, unajaza kwa chupa.

Mama Machapisho
Za matangi nazo nilikuwa nayo, ilifika mahali ikawasha taa mbili ikagoma, eti sponji ya kufyonza wino imejaa. Sponji yenyewe nimeitoa nimeiona haijajaa. Mashine inahesabu tu kichwani kwake.

Binti Njiro
Mamaaa hiyo ya sponji hata mimi! Fundi alinitoza elfu ishirini na tano kuirudisha sifuri, dakika mbili nzima kazi imeisha, nikabaki nimesimama.

Mangi Mkavu
Mimi yangu inatoa nyekundu tu. Picha zote za pasipoti saizi watu wanaonekana kama wametoka kupigwa.

Msuli wa Ngarenaro
Wakuu jamani uzi wangu. Yule mama wa Monduli karudi kuchukua mwavuli aliosahau, nikamwambia mtandao upo, akasema ameshamaliza.

chalii_wa_kijenge
Pole arifu. Sasa supu?

Msuli wa Ngarenaro
Nyuma ya soko la Kilombero, pale pa yule mzee.

chalii_wa_kijenge
Aaah pale! Pale chapati mbili hazitoshi kweli, hapo namtetea jamaa.

Mzee wa Pasua
Hapo hata mimi.

Mama Machapisho
Samahanini, nani anajua maduka ya mjini wapi wana bomba la sindano la mililita 20? Nimeenda duka la dawa wameniuliza la nini, nikasema la printa, wakanitazama vibaya.