Mrejesho: Mbwa wangu aliyepasuka ukucha

Wakuu, nilisema ukucha wa mbwa wangu umepasuka hadi kwenye nyama na damu haikomi. Mkaniambia nibane kwa kitambaa safi, kisha nimpeleke kwa daktari wa mifugo. Damu ilikoma. Daktari alimchoma ganzi, akakata kipande kilichokuwa kinaning'inia, maana kikiachwa hunasa na kuchana zaidi, akafunga bandeji. Dawa za maumivu za binadamu alizikataza kabisa. Kazi ilikuwa kumzuia asilambe. Ile kola ya plastiki, ya kuvaa shingoni ili mdomo usifikie kidonda, anaichukia, anagonga nayo milango makusudi, naapa! Tukitoka nje naifunika bandeji kwa mfuko wa plastiki, tukirudi nautoa haraka ili unyevunyevu usibaki. Sasa hachechemei, na ukucha mpya umeanza kuchomoza. Asanteni sana.