Tupeane uzoefu: ni lini hewa, upepo au mvua ilikufundisha kitu ulichokuwa umekikariri tu?

Mwanzisha uzi

Wadau, habari za jioni. Nianze na langu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga mjini, nikapangiwa kufundisha jiografia Makete, huko milimani Njombe. Wiki ya kwanza nilibandika maharage saa nane mchana. Saa mbili usiku yalikuwa bado yanagonga meno kama kokoto. Maji yanatokota, povu linamwagika, mkaa nimeongeza mara tatu. Mama mwenye nyumba akaniletea bakuli la chakula chake, akasema, "Mwalimu, huku maharage tunaloweka toka jana yake. Moto hausaidii."

Nililala na neno hilo. Kesho yake nilikuwa na kipindi cha mgandamizo wa hewa, na kwa mara ya kwanza nikaelewa nilichokuwa naandika ubaoni miaka yote. Hewa ina uzito. Ukiwa pwani imekulalia yote. Ukipanda hadi mita 2,500, karibu robo yake umeiacha chini ya miguu yako. Iliyobaki juu inayakandamiza maji kidogo, kwa hiyo yanawahi kuchemka, kwenye nyuzijoto 92 hivi badala ya 100. Na maji yakishachemka hayaongezeki joto hata uchochee vipi, unaongeza mvuke tu. Maharage yangu yalikuwa kwenye maji ambayo Tanga tungesema bado hayajachemka.

Nikabeba sufuria, jiko na kipimajoto cha maabara hadi darasani. Wanafunzi wakakizunguka, wakaona kinapanda, kisha kinagoma, na maji yanaruka. Mmoja akauliza kama kilele cha Kilimanjaro chai inaiva. Nikamwambia pale mita 5,895 hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 80 na kidogo. Sijawahi kuwa na kipindi kizuri kama kile.

Nataka yenu, yale yaliyowakuta wenyewe.

Mvuvi, Ukerewe

Mwalimu, langu si la jikoni. Nimevua dagaa miaka kumi na tatu. Usiku mmoja wa giza tulitoka watu wanne na taa zetu, mchana kutwa ulikuwa mweupe, juu nyota tupu. Mbali katikati ya ziwa radi zilikuwa zinamulika bila sauti. Tukasema ziko mbali. Saa tisa usiku upepo ukageuka ghafla, wimbi likaja ubavuni, mtumbwi ukalala. Tulishikilia madumu mpaka kulipopambazuka. Tulirudi watatu.

Nilikaa miezi bila kugusa nyavu. Swali lililonitesa ni kwa nini usiku, baada ya mchana mzuri vile. Baadaye kwenye semina pale mwaloni tukachorewa. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, basi upepo unavuma kutoka ziwani. Usiku nchi kavu inapoa upesi, ziwa linabaki na joto lake, upepo unageuka. Sasa ziwa hili limezungukwa na nchi kavu pande zote, kwa hiyo pepo za usiku zinatoka kila upande na kukutana kule katikati. Hazina pa kwenda ila juu, zimebeba unyevu wote ule, na ndiyo mawingu ya radi yanayofumuka usiku wa manane hadi alfajiri.

Weupe wa mchana hauniambii chochote tena kuhusu saa tisa usiku. Nasikiliza utabiri wa ziwani kabla sijagusa injini, na vijana wangu wakiona radi katikati hatutoki.

Niko Salalah

Pole sana, kaka. Mungu amrehemu mwenzenu.

Sie familia yetu ni ya Unguja, niko Oman miaka mingi sasa. Babu alikuwa nahodha wa jahazi, kwake mwaka ulikuwa pepo mbili: kaskazi inakuleta Unguja, kusi inakurudisha Arabuni. Nikadhani kusi inaishia baharini. Kumbe ikivuka ikweta, mzunguko wa dunia unaipinda, inafika huku ikitokea kusini magharibi. Inasukuma maji ya juu, maji baridi yanaibuka ufukweni, hewa yenye unyevu ikipita juu yake inapoa na kuwa ukungu, na milima ya Dhofar inaukamata. Juni hadi Septemba tuna manyunyu na majani mabichi, huku Muscat watu wanaungua kwa nyuzijoto 40 na zaidi. Mara ya kwanza ule ukungu ulipoigusa sura yangu nilimlilia babu. Ni upepo wake ule ule.

Dodoma

Fupi tu. Nyuzijoto 31 za Dar zinalowesha shati, 31 hizo hizo za Dodoma zinapasua midomo. Jasho ni lile lile. Hewa ya Dar imeshajaa mvuke, jasho halina pa kwenda.

Mafia

Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Nilikuwa nasema vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ukisokote, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo, kwa hiyo kwetu ni nadra kweli. Lakini Unguja ilipigwa 1872, Lindi 1952, zote mwezi wa Aprili. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilitoka mapema. Mjomba akavuta mashua juu na kufunga mabati kwa kamba, mimi nikamwona ana hofu bure. Barabara ya Lindi ilipokatika pale Somanga nilikuwa nimeshamwomba radhi.

Mkulima, Muheza

Mwalimu, nina swali. Mwaka vuli ikikosa, kila mtu kijijini anasema tabianchi imebadilika. Mwaka ukifuata ikajaa, wanasema ilikuwa uongo. Marehemu baba aliandika kwenye daftari tarehe ya mvua ya kwanza na tarehe aliyopanda, kuanzia 1989 mpaka alipofariki, nami nimeendelea. Ukurasa wa 1997 umeandikwa "haikati" wiki baada ya wiki. Lina maana yoyote?

Mwanzisha uzi

Lina maana kubwa sana, mzee wangu. Vuli moja ni hali ya hewa tu, hata ile ya 1997, ambayo ilikuwa El Niño. Tabianchi tunaipima kwa wastani wa miaka 30, na wewe unayo zaidi ya hiyo, ya shamba moja, kwa mkono wa watu wawili. Naomba upige picha kila ukurasa kabla mchwa hawajalipata. Tupange tarehe za mvua ya kwanza kwa mafungu ya miaka kumi kumi, tuone zimesogea au zimebaki pale pale.

Mkulima, Muheza

Jumamosi mjukuu anakuja na simu nzuri. Tunaanza na 1989.