Begi la kubebea mtoto mlimani: tupime mgongo wa nani?

mama_wa_soni

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri kwa waliowahi kupanda milima na mtoto mgongoni.

Tunaishi Tanga mjini, ila kwao mume wangu ni Soni, na likizo zote tunapanda huko. Kabla ya mtoto tulizoea kutoka Lushoto kwa miguu hadi Irente, tunakaa pale ukingoni tukiitazama Mazinde kule chini, tunarudi na mkate na jibini ya shamba la Irente. Kijana wetu sasa ana miezi 14, kilo 10.5 kwenye mzani wa kliniki. Desemba tunataka kwenda naye Irente, na siku nyingine msitu wa Magamba akaone mbega.

Agosti tulijaribu kwa mbeleko. Mama mkwe alinifunga mwenyewe kwa kitenge kizito, mtoto akalala hata barabarani hatujafika. Kupanda sikuona taabu. Kule juu mgongo wangu na tumbo lake vilikuwa vimelowa jasho, tulipotokeza kwenye upepo akaanza kutetemeka. Kuteremka ndiko kulikonishinda. Usiku kulikuwa na manyunyu, udongo mwekundu ule mnaujua, na fundo la kifuani likawa linalegea. Kila hatua chache nainama kumpandisha. Kesho yake shingo ilikaza, sikuweza kugeuka. Baba yake alitaka kunipokea, lakini hajawahi kufunga mbeleko, mtoto akawa anamshukia hadi kiunoni.

Sasa nimeona begi lenye fremu kwa muuza mitumba mmoja hapa, la kijivu, lina kiti cha mtoto na paa la jua, anataka 180,000. Mimi nina futi 5 na inchi 2, mume wangu anakaribia futi 6. Tutabeba kwa zamu. Nichague linalonikaa mimi au linalomkaa yeye? Na niangalie nini hasa kabla sijatoa hela?

mgumu_wa_moshi

Pole na shingo, dada yangu. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka 11, nikuambie ninachokijua mwilini.

Mzigo mzuri hukaa nyongani. Mabega kazi yake ni kuuzuia usianguke nyuma, basi. Kwa hiyo legeza mikanda yote, vaa begi likiwa na uzito ndani, kaza mkanda wa kiunoni kwanza, uishike ile mifupa miwili ya nyonga kwa juu yake. Halafu legeza ya mabegani kabisa. Begi likibaki palepale, linakufaa. Likishuka, au mkanda ukikaa tumboni, liache hata wakikupa bure.

Suala la nyinyi wawili: usipime urefu wa kusimama. Pima mgongo, kuanzia kile kifundo cha mfupa nyuma ya shingo mpaka usawa wa nyonga. Kuna watu warefu wa miguu tu. Tafuta begi ambalo mgongo wake unapanda na kushuka, na ujaribu kuupandisha na kuushusha pale pale dukani, maana ya mitumba mengi yameganda kwa vumbi.

Piga na hesabu. Mtoto 10.5, begi tupu hizi za fremu ni kama kilo 3 na nusu, maji lita 2. Tayari 16. Pampasi, sweta, ndizi, unafika 18. Kwetu mlimani utaratibu unataka mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20, na huyo ni mtu wa kazi. Anayebeba mtoto abebe mtoto. Vingine vyote kwa mwenzake.

bi_sheffield

Dada, mimi niko Uingereza, wangu wawili nimewabebea kwenye begi la fremu la Deuter milima ya Peak District hapa jirani. Kaka hapo juu amesema ya mbebaji, mimi niseme ya mtoto.

Mtazame akiwa ndani ya kiti, usimtazame usoni, tazama mapaja. Kitambaa cha kiti kikiwa chembamba kama utepe, mtoto ananing'inia kwa sehemu za siri na miguu inazizima. Kinatakiwa kimshike kutoka goti hadi goti, magoti yawe juu kidogo ya makalio, kama anavyokaa kwenye mbeleko. Bibi zetu walilipatia hilo. Na lazima kuwe na vikanyagio vya miguu vinavyorekebishwa. Siku moja kule Stanage nilisahau kuviteremsha mwanangu alipokuwa ameongezeka, nikamvua kiatu nikakuta alama ya mkanda nyuma ya goti, nyekundu, imezama kama uzi. Nililia. Tangu hapo kila dakika 40 namtoa, anatembea, ananyoosha miguu.

Baridi pia. Wewe unapanda unatoka jasho, yeye amekaa tu. Usipime baridi kwa mwili wako. Ingiza vidole kwenye shingo yake na ushike nyayo.

Na la mtumba: tafuta lebo yenye mwaka. Begi za Poco za kampuni ya Osprey zilizotengenezwa 2012 hadi 2014 kampuni yenyewe ilitoa tangazo mwaka 2016, kwamba mtoto mdogo anaweza kuteleza kwenye tundu la mguu, wakawa wanatoa kipande cha kuongeza kwenye kiti bure. Muuzaji wa balo hatakuwa na habari hiyo.

baba_ngong

Naongeza mawili ya hapa Ngong, kwenye ile mitambo ya upepo. Paa la jua likishika upepo linakuvuta kama tanga, likunje. Na kumbuka kichwa cha mtoto kiko juu ya chako: tawi ambalo wewe unapita chini yake, yeye linampiga usoni. Huko Magamba msituni piga magoti, usiiname. Ukiinama, mtoto anakuja mbele juu ya kichwa chako.

Leso (kanga) ya kumfunga mgongoni beba pia. Akichoka na kiti, au njia ikiwa nyembamba sana, mwili kwa mwili bado ni bora.

mama_wa_soni

Asanteni sana, Mungu awabariki. Jana nimerudi kwa yule muuzaji na mume wangu, na mfuko wa unga wa kilo 10.

Mgongo wa begi uliganda kweli, tukausukuma wawili mpaka ukasogea. Kwangu mkanda ulikaa juu ya mifupa, nikalegeza mabega, unga haukushuka. Kwa baba yake vilevile, tundu nne juu zaidi. Kiti kipana. Nilishaanza kutoa pochi.

Ndipo nikakumbuka lebo. Imekatwa kwa mkasi, kimebaki kipande cheupe na nyuzi. Nikaanza kukagua mikanda ya mtoto mwenyewe, ile ya mabegani kwake, na klipu ya kifuani ilikuwa na mstari mweupe katikati, mwembamba kama unywele. Nikaikunja kidogo kwa dole gumba, ikalia. Muuzaji akasema haikatiki hiyo, akashusha hadi 140,000. Nimemwachia.

Anafungua balo jingine Jumamosi, amesema atanipigia. Nitakwenda na unga. Wakati huohuo mama mkwe amekuja, na jana usiku alikuwa anamfundisha mwanawe kufunga mbeleko sebuleni: kuinama kwanza, mtoto akae mgongoni, kitenge kipite chini ya makalio mpaka nyuma ya magoti ndipo kikazwe. Mara ya nne mtoto amelala.