MREJESHO: Mdogo wangu anayetapika chakula (Bukavu)

Ndugu zangu, ni mimi niliyeuliza kuhusu mdogo wangu wa miaka 17, anayekula fufu na sambaza (samaki wadogo kama dagaa) nyingi usiku peke yake, kisha anaenda kutapika. Mlisisitiza tumpeleke kwa daktari. Tulimpeleka.

Daktari alimtazama meno kwanza, yamelika kwa nyuma kwa asidi ya tumbo. Akaagiza damu ipimwe madini ya potasiamu, maana ikishuka sana mapigo ya moyo yanavurugika. Ugonjwa huu wa kula sana kisha kujitapisha unaitwa bulimia. Nilidhani mgonjwa wa hivi lazima akonde. Kumbe anaweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa.

Kilichoniumiza ni kile mdogo wangu alichomweleza mwanasaikolojia. Asubuhi akivaa sketi ya bluu ya shule, zipu ikibana kidogo tu, siku nzima anajiona hafai kitu, hata akipata alama nzuri. Thamani yake yote ameipima kwa mwili. Na mimi tangu utotoni namwita "Mnene wangu", kwa mapenzi. Nimemwomba msamaha, tukalia wote.

Bado anatapika mara mojamoja. Jana alikula sombe (kisamvu) pamoja nasi, halafu mama akamweka karibu, wakachambua maharage taratibu mpaka hamu ya kutapika ikapita.