Mjadala: Gari iondolewe barabarani kwa sababu ya umri tu?

Mleta mada:
Wadau habari zenu. Kuna hoja inazunguka sana siku hizi kwamba gari iwekewe umri wa mwisho kisheria, ikifika miaka kumi na tano au ishirini iende skrepa tu, iwe nzima iwe mbovu. Wanaotetea wana mambo matatu: moshi, ajali, na magari kuzimika katikati ya barabara. Mimi napinga. Mwaka ulioandikwa kwenye kadi hausemi chochote mpaka mtu ainame aangalie chini ya gari yenyewe.

Na mjue kabisa nimekaa upande gani, mimi nimemiliki Peugeot 504 steshenwageni, ile ya viti safu tatu, na mpaka leo nikisikia mlio wake nageuka. Asubuhi unavuta choki, unakanyaga mafuta mara mbili, unazungusha ufunguo huku umetega sikio, ikishika unarudisha choki taratibu manake ukiisahau nje injini inalewa petroli, plagi zinalowana, kazi inaanza upya. Gia ya yangu ilikuwa kwenye usukani. Ukipakia watu ndani na mizigo juu ya keria nyuma inashuka kidogo halafu inatulia, sababu kwenye steshenwageni waliweka springi nne za koili nyuma, mbili kila upande. Ile modeli ndiyo ilichukua Gari ya Mwaka ya Ulaya 1969, sio kopo.

Sasa hoja yangu. Gari za enzi zile mwenyewe unaweza kuzitengeneza. Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, unafungua kwa bisibisi, unapuliza jeti, unafunga. Platini, vile vibati vinavyokata na kuunganisha umeme wa plagi, zikiungua unazisugua kwa msasa, unapima mwanya kwa kibati chembamba, safari inaendelea. Kuanzia modeli za 1996 Marekani ililazimisha kila gari ndogo iwe na mfumo wa OBD-II, yaani kompyuta inayosoma hitilafu, na sikatai imesaidia hewa, lakini leo fundi bila mashine anaangalia boneti kama wewe tu. Mpaka jimbo la Massachusetts ikabidi watunge sheria kulazimisha watengenezaji wawape gereji za nje taarifa za matengenezo. Halafu gari inayotengenezeka ndiyo mnataka ikasagwe?

Na kusaga kulishajaribiwa. Marekani 2009 serikali iliwalipa watu warudishe gari za zamani wachukue mpya, zikafika karibu 700,000. Injini zilimiminiwa sodiamu silikati badala ya oili na kuachwa zingurume mpaka zikakaba, ili zisitumike tena. Injini nzima jamani! Iliniuma na hata sizijui.

Mpanda Baiskeli:
Mkuu umeandika vizuri ila hiyo ni mapenzi, sio hoja. Mwaka huohuo wa 2009 taasisi ya usalama ya makampuni ya bima ya Marekani, IIHS, waligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso upande wa dereva, kila moja kilomita kama 64 kwa saa. Lile chuma zito ambalo kila mzee anasema "enzi zetu bodi ilikuwa bodi" likakunjika mpaka kwenye kiti, usukani ukamfuata sanamu wa dereva, kwa vipimo vyao binadamu angekufa pale. Wa kwenye Malibu angeumia mguu. Bati nene halikuokoi, kinachookoa ni sehemu ya mbele iliyoundwa ikunjike na chumba cha abiria kibaki kizima. Sasa wewe kufa ndani ya 504 yako ni uamuzi wako, mtoto uliyempakia safu ya tatu alichagua lini?

Mleta mada:
Hilo la mtoto limenipata, silijibu kwa utani. Ila angalia hesabu yako, ulichopima ni gari ya 1959 na ya 2009, nusu karne katikati. Sheria inayopendekezwa inakata miaka kumi na tano. Gari ya umri huo leo ina eabegi, ina mikanda ya pointi tatu, ina ABS ya kuzuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki, wengi wetu ndiyo tunaziita "mpya". Ushahidi wa babu hauwezi kumfunga mjukuu.

Mzee wa Dizeli:
Mimi ni wa malori, naomba nisikilizwe kidogo. Nimeendesha na nimemiliki lori la pua, dizeli ya pampu ya kawaida, lile ambalo likishawaka hata ukichomoa betri linaendelea kuunguruma, kulizima unavuta kitufe chenye waya unaokata dizeli kwenye pampu. Vijana wa siku hizi wakiona nalizima kwa kuvuta wanashangaa. Ukiishiwa dizeli njiani hewa inaingia kwenye mfumo, basi unashuka, unapampu kwa mkono pale kwenye filta, unalegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine, mara ya kwanza linatoka povu, unapampu tena, povu linapungua, likitoka dizeli tupu unakaza, unapanda. Mikono inanuka siku nzima hata uoshe kwa nini. Nilikuwa napenda ile harufu, mke wangu hapana.

Kwenye moshi nawaambia ukweli wa gereji. Lori likitoa moshi mweusi mara nyingi ni nozeli zimechoka, au filta ya hewa imeziba, au mtu kafungulia pampu ili livute zaidi. La mwisho ndiyo ugonjwa wetu. Nimeona lori jipya kabisa limechezewa linatoa moshi kushinda langu, kwa hiyo ukikamata kwa umri huyo anapita, nakamatwa mimi.

Lakini breki, hapo siwatetei wenzangu. Malori mengi ya zamani breki za maji zilikuwa na njia moja tu, bomba moja likipasuka umebaki na hendibreki na dua. Baadaye zikaja za njia mbili, moja ikikata nyingine inashika. Na kwenye mteremko mrefu ukikanyaga tu badala ya kushika kwa gia, madramu yanapata moto mpaka breki zinakuwa laini mguuni kama hazipo. Lori la hivyo lisipite na shehena bila ukaguzi wa kweli, wa kuingia chini na tochi, sio wa stika.

Mpanda Baiskeli:
Asante mzee, wewe angalau umeshika jambo. Ila kwa hewa bado. Petroli yenye risasi imekoma duniani juzi tu, kituo cha mwisho kilikuwa Algeria 2021, na gari zote hizi mnazozilia ziliundwa enzi ya mafuta yale. Hazina katalitiki, kile kichujio cha moshi kwenye bomba la eksozi, kwa hiyo hakuna cha kusafisha kaboni monoksidi wala mvuke wa petroli usioungua. Urekebishe kabureta kwa ufundi wote wa dunia haitafika kiwango cha gari yenye katalitiki nzima. Mimi napita nyuma ya sailensa zenu kila siku na mapafu haya haya.

Mleta mada:
Nakubali, kabureta haitoboi kwa katalitiki, na kama ni gari ya kufanyia kazi mjini kutwa nzima mimi mwenyewe nasema ipimwe na ikishindwa ikae pembeni. Neno langu ni IPIMWE. Na nipo tayari hilo linigonge na mimi: Uingereza tangu 2018 gari ikitimiza miaka 40 bila kubadilishwa sana haidaiwi tena ukaguzi wa kila mwaka. Wapenzi wa vyuma vya zamani walifurahi, mimi naona ni kosa lilelile limegeuzwa. Kama umri sio sababu ya kuisaga basi umri sio sababu ya kuisamehe. Ujerumani wana namba yenye herufi H kwa gari za miaka 30 kwenda juu, lakini mkaguzi lazima aione kwanza kama iko katika hali nzuri na ya asili. Huo ndio mpango.

Na suala la mikanda linatengenezeka. Mkanda wa pointi tatu Volvo walianza nao 1959 na wakaruhusu wengine waige, gari nyingi za zamani unaweza kufunga, ila mwambie fundi bodi achomelee kibao cha chuma nyuma ya bolti, sio kutoboa bati na kukaza tu, siku ya ajali bolti inachomoka na mkanda wake.

Mjukuu:
Samahani wakuu nachomekea. Nimeachiwa na babu Volkswagen Beetle, nimekuta kuna mpira mwembamba umetoka kwenye tairi la spea unaingia kwenye chupa ya maji ya kuoshea kioo cha mbele. Fundi alichezea au? Nataka kuung'oa kabla ya kuipeleka ukaguzi.

Mzee wa Dizeli:
Weee usiguse! Ndivyo ilivyotoka kiwandani mjukuu wangu. Haina pampu ya maji ya kioo, upepo wa spea ndio unasukuma maji, na kuna valvu inakata upepo ukipungua ili tairi lisibaki tupu. Ndio maana spea ya hiyo gari inajazwa upepo kupita matairi mengine. Jaza, bonyeza, maji yanaruka. Mkaguzi akikuuliza mwite hapa.